Karteri Mbili Juu ya Meza ya Cherehani

Gogo lililovunja msumeno wangu wa injini halikuwa hata kubwa. Tulikuwa Ndera, nje ya mji, tunakata mikaratusi ya mtu aliyetaka kujenga, na nilikuwa nimeuweka msumeno chini ili nivute tawi lililonasa. Gogo likabiringika kwenye mteremko, likaupiga ubavuni. Mimi halikunigusa. Nilipouinua niliona ufa kwenye karteri, lile kasha la chuma chepesi linaloshika krenki na beringi zake. Ufa wa pembeni ningeuziba kwa gundi ya chuma. Huu ulikuwa umepita katikati ya kiti cha beringi, na hapo hapazibwi.

Ilikuwa mwaka 1992. Spea tulizozoea kuletewa kutoka Kampala zilikuwa hazifiki, kwa kuwa njia ilifungwa na vita. Tuliishi mjini, Nyakabanda, katika vyumba viwili, mke wangu akishona nguo katika chumba cha mbele. Mimi sikuwa na kazi nyingine. Kukata miti ndiko kulikonileta kutoka Bujumbura.

"Kaka yangu anao kama huo," mke wangu alisema.

"Najua. Nitamwombaje?"

Shemeji alikaa Kicukiro, upande wa pili wa mji. Msumeno wake ulikuwa umemrukia mguuni, ukapita buti, ukamwondolea vidole vitatu. Alipokuwa hospitali, mtu aliyeuazima akautia petroli bila oili, injini ikaganda. Tangu hapo ulilala kwenye gunia chini ya kitanda chake, na mbele yake hatukuutaja.

Mke wangu alikwenda Jumapili baada ya misa, na sikujua alimwambia nini. Kesho yake shemeji alifika mwenyewe, fimbo mkono mmoja, gunia begani.

"Kwenye bariyeri ya barabarani wamenifunguza gunia," alisema akikaa. "Askari anauliza, hii iko bunduki gani? Nikamwambia iko ya kuua miti. Hakucheka."

"Pole, shemeji. Unauuza?"

"Siuzi. Krenki yangu imekufa, karteri iko nzima. Yako iko kinyume. Tufungue yote miwili, tupate msumeno mmoja. Uwe wetu."

Karteri huwa na nusu mbili, na nilikuwa nimefikiria kuazima moja tu, iwe badala ya ile yangu iliyopasuka. Akakataa. Nusu hizo, alisema, zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja. Ukichanganya za mashine mbili, beringi hazitakaa sawa. Mke wangu akakunja kitambaa cha mteja, akasogeza cherehani, akatandika gunia juu ya meza.

Tulianza na wake. Tukatoa klachi, gurudumu la sumaku, silinda, kisha boliti za karteri, kila moja tukiichomeka kwenye kipande cha boksi mahali pake. Sehemu moja ya ukingo iligoma kuachana. Nikachukua bisibisi nipenyeze. Shemeji akanishika mkono.

"Ukikwaruza hapo, itavuta hewa. Inua tu."

Nikaishika nusu moja hewani, naye akagonga ncha ya krenki kwa kipande cha mti, polepole, mpaka nusu ya chini ikatua kwenye gunia. Ndani krenki yake ilikuwa imebadilika rangi kwa moto. Aliiangalia kidogo, akaiweka sakafuni. Yangu ilitoka kwa urahisi zaidi.

Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya nusu mbili, hatukuwa nayo. Mke wangu akatafuta jalada gumu la faili, akalilaza juu ya karteri, akasugua kwa kidole chenye oili mpaka ukingo ukajichora.

"Niache nafasi ya mshono?" aliuliza.

"Hapana. Kata kwenye mstari wenyewe."

Alikata kwa mkasi wake wa nyuzi, na matundu ya boliti akayafungua kwa ncha. Sijawahi kukata gasketi safi hivyo.

Krenki ikiwa baridi na karteri ikiwa ya moto, beringi huingia bila kupigwa. Basi krenki yangu, na beringi zake, nikaifunga kwenye plastiki nikaipeleka kwa jirani aliyeuza soda. Alikubali ikae ndani ya friji yake, mradi isiguse Fanta. Karteri tuliipasha kwenye sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, tukiijaribu kwa tone la maji. Tone lilipochemka na kuruka, nikakimbilia krenki. Ilizama kwenye nusu ya kwanza kwa uzito wake tu. Tukaweka gasketi, tukashusha nusu ya pili, tukakaza boliti kwa kupishana.

Kisha nikaizungusha. Ilikuwa nzito, inakwama.

Nilikasirika. Nikashika spana nianze kufungua upya.

"Ngoja ipoe," shemeji alisema.

Tulikunywa chai. Ilipopoa, akaigonga ncha moja ya krenki kwa ule mti, mara moja, si kwa nguvu. Ilikuwa imesukumwa upande mmoja tu. Sasa ikazunguka kwa kidole.

Siku iliyofuata, tulipokwisha kurudisha silinda yangu na vilivyobaki, msumeno uliwaka uani kwa moshi mwingi, ukazima, ukawaka tena. Nikaukaza mnyororo, nikakata kipande cha mkaratusi. Ulikata vizuri. Nilipogeukia upande wa shemeji, alikuwa amesimama mbali, mgongo ukutani, mikono ameificha makwapani. Nikazima.

"Unataka kuushika?" nilimuuliza.

"Sitaki."

"Basi, shemeji."

"Nitanoa," alisema shemeji. "Nitanoa minyororo na kutazama miti inaangukia wapi. Kuushika ukiwa unawaka, hapana."

Tulikubaliana hivyo. Tulirudi Ndera pamoja kumaliza ile mikaratusi. Yeye alikaa juu ya mteremko na tupa yake, akinipigia kelele nihame kila alipoona gogo halikulala vizuri.