Kuwahi Taa

Siku yangu ya kwanza kwenye studio ya picha pale Musoma, bosi alinifungia kwenye chumba cha giza akaniambia, "Humu ngozi ya mtu unaipanga wewe." Nikadhani utani. Shuleni sikukaa sana, lakini hili nilielewa: unamulika taa kwenye negativu, ule mkanda uliopigwa, sura inashuka kwenye karatasi. Ukiwahi kuzima, mtu anatoka mweupe. Ukimngoja, anatoka alivyo.

Miaka ya shida hata sabuni ilikuwaga ya bahati, sisi nyumbani tulifulia majani ya mpapai, basi mteja alishukuru tu kuiona sura yake. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa zikaja kalenda na magazeti, akina dada weupe kama maziwa. Watu wakawa wanakuja na ukurasa mkononi: "Fundi, nitoe kama huyu." Bosi naye mlangoni: "Wahi taa!"

Baadaye nikahamishiwa tawi la Bunda. Siku moja akaingia Nyamisi, binti wa kijiji cha Mugeta, amefura, nyuma yake Marwa, kijana wa Butiama anayefanya kazi Mwanza. Walichumbiana kwa kutumiana picha, hawajaonana. Ng'ombe wameshakubaliwa, wazee wanangoja Mugeta, na wao wamepitana stendi mpaka watu wakaisha, wakabaki wawili, ndipo wakafuata muhuri wa studio ulio nyuma ya picha.

"Mchumba wangu ni mweupe," Marwa akasema. "Huyu simjui. Mimi narudi Mwanza."

Nyamisi akafungua pindo la kanga, akatoa picha. "Na wewe je? Nimetafuta mzungu stendi nzima! Kumbe ndiyo wewe, mweusi kama sufuria ya kwetu?"

Marwa naye akatoa aliyotumiwa; zote mbili zilikuwa na muhuri wetu, moja wa Bunda, moja wa Musoma. Nikawaeleza habari ya taa. Marwa akatazama picha yake, akatazama mkono wake, kicheko kikamtoka.

"Tupige pamoja," akasema, "twende kwa wazee. Ila fundi, usiwahi taa."

Nikawapiga picha, nakala moja nikaitundika mlangoni. Bosi alipokuja kukagua akasema, "Toa, itafukuza wateja." Nikatoa. Alipoondoka nikairudisha.

Sasa nimestaafu, niko Kamunyonge, hapa Musoma. Mjukuu akinipiga picha kwa simu natoka kama nimemwagiwa unga. Simu inawahi taa yenyewe. Nawakumbuka wateja wa Bunda, walivyokuwaga wanasimama mbele ya picha ile.

"Fundi, hawa mbona umewaunguza?"

"Sijawaunguza," nilikuwaga nawajibu. "Niliwangoja."