Siku Nane Bila Sisimizi

Fundi Vitalis alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha kisukari, na kipimo hicho kilikuwa sisimizi. Kila alfajiri aliingia bafuni uani, akakojoa pembeni mwa sakafu, akaenda kupiga mswaki, kisha akarudi kuchungulia. Akiwakuta wamejaa, alivaa shati akashika njia ya hospitali kuchomwa sindano. Wakiwa wachache, alijiambia damu imetulia, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani yake, barazani kwa duka la Mhindi, Mtaa wa Kongo. Daktari alimwambia sindano ni kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Lakini mtu aliyeivalisha suti nusu ya Kariakoo atakubali vipi kufundishwa kupima na mtoto wa juzi?

Mkewe Benedikta hakujua habari za kipimo hicho. Alichokijua yeye ni aibu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba sita na bafu moja, na Sabaha wa chumba cha mbele hakuwa na dogo.

"Mama Severa," alimwambia siku moja mbele ya wapangaji wote, "hivi humu bafuni nani anamwaga sharubati? Sisimizi wanafanya karamu!"

Wanawake wakacheka wakashika mbavu. Benedikta naye akacheka, huku moyoni anaungua, maana alijua ni mkojo wa mumewe. Tangu siku hiyo akawa anaamka kabla ya mumewe, anapaka mafuta ya taa pembeni mwa ile sakafu. Harufu yenyewe haikumshtua mtu, maana nyumba nzima ilinuka taa za chemli. Sisimizi wakahama, na Sabaha akatafuta mtu mwingine wa kumcheka.

Vitalis akaacha kwenda hospitali. Benedikta alimwona akigugumia maji kama ng'ombe, suruali ikimvuka kiunoni, hasira zikimpanda kwa jambo dogo tu. Uzi ukamshinda kuingiza kwenye sindano ya cherehani, akawa anamsubiri mkewe alete chakula cha mchana amtungie. Kila alipoulizwa kuhusu matibabu, alijibu, "Niache, Mama Severa. Najijua."

Siku ya nane Benedikta alifika barazani na bakuli la ugali akamkuta na Filbert, karani wa bandarini, aliyekuja kujaribu suti yake ya harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Fundi, mbona umekonda hivyo?" Filbert aliuliza.

"Kazi, ndugu yangu. Ugonjwa wenyewe umeshaniaga," Vitalis alisema akitabasamu. "Leo siku ya nane sisimizi hawagusi mkojo wangu. Sindano ya nini tena?"

Benedikta nusura aangushe bakuli. Siku nane! Alihesabu kichwani alfajiri zake za mafuta ya taa, zikaja zilezile. Alitaka kusema palepale, lakini atasemaje habari za bafuni mbele ya bwana harusi? Akajiambia, ngoja huyu aondoke. Ni dakika chache tu.

Filbert hakuondoka. Aliona mkunjo kwenye suruali, akaomba upigwe pasi kidogo. Vitalis akaifungua pasi ya mkaa, akaongeza makaa, akapuliza, akaanza kunyoosha. Benedikta akasimama pale akisugua viganja, akimwombea Filbert aharakishe.

Harufu ya kuungua ikaja ghafla.

"Suti yangu!" Filbert alipiga kelele.

Vitalis akainyakua suruali, akaigeuza ndani nje. Akashika koti, akakagua mikono, mifuko, kola. Hapakuwa na tundu wala alama. Harufu ikazidi, na si harufu ya kitambaa. Benedikta akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limechomoka kwenye pasi, likatumbukia kati ya kubazi na unyayo wa mumewe, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Vitalis alikuwa amelikanyaga kwa uzito wake wote, bado anakagua kola.

"Baba Severa, mguu!"

"Mguu una nini?"

Benedikta akaanguka magotini, akalivuta lile kaa kwa vidole. Yeye ndiye aliyepiga ukelele kwa kuungua. Vitalis alikuwa amesimama kimya, anashangaa mke wake analilia nini. Hapo Filbert akaisahau suti, akakimbia kutafuta teksi.

Hospitalini daktari aliutazama ule unyayo muda mrefu, kisha akauliza kwa nini aliacha sindano.

"Sisimizi walikoma," Vitalis alisema.

"Hawakukoma," Benedikta akadakia. "Ni mimi. Nilikuwa napaka mafuta ya taa kila alfajiri. Niliona haya watu wanatucheka."

"Wewe?" Vitalis alimtazama, kisha akageuzia uso ukutani. Benedikta alitamani amtukane.

Daktari akachukua pini, akamwambia mgonjwa afumbe macho. "Ukisikia popote, sema."

Pini ikagusa kisigino. Kimya. Ikagusa ukingo wa lile jeraha, ikagusa vidole kimoja kimoja, ikapanda hadi kifundoni. Jasho lilikuwa linamtiririka Vitalis, macho ameyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayetafuta jibu mbele ya mwalimu. Daktari akaiinua pini, akawa anafikiri.

"Nasikia!" Vitalis alisema kwa furaha. "Hapo hapo, daktari. Hapo nasikia kabisa!"

Benedikta aliitazama ile pini. Ilikuwa bado juu mkononi mwa daktari, haijamgusa popote.