Aliyechimba Ngoro Peke Yake

Nilisikia majembe kabla sijauona mlima. Ukungu wa Machi ulikuwa umelala juu ya kijiji chetu cha Mapera kama mtu asiye na kazi, mteremko wote umefutika, na ndani ya weupe ule majembe yaliuma udongo mbichi: chwa, chwa, kisha kimya cha mtu anayenyoosha mgongo, kisha chwa tena. Jembe mojawapo lilikuwa la mama. Mimi nilikaa ndani na gauni la kutokea, nikimsubiri mhariri.

Alikuwa anatoka mjini na mkataba wa riwaya yangu ya kwanza. Alikuwa anakwenda Mbamba Bay kupumzika ziwani, akasema atapita kwetu njiani ili tumalize. Riwaya hiyo niliiandika miaka minne. Nikitia saini, ni mwandishi. Nisipotia, ni binti mwenye shahada aliyerudi kukaa kwa mama yake. Kijijini walikwisha kuanza kuniulizia kwa upole, upole ule wa kumuulizia mgonjwa.

Niliharibiwa na katoni moja. Ilikuwa kwenye chumba cha vitabu cha parokia, imejaa riwaya kuukuu za wachawi, mazimwi na safari za nyotani, nazo nilizisoma zote kabla sijamaliza sekondari. Nilizipenda kama mtu anavyompenda mchumba mwongo. Leo nikizifungua nacheka kwa uchungu. Kuna upanga unaomsubiri kijana mmoja tu, kana kwamba koo nyingine zote zilizaliwa bila mikono. Kuna mzee wa ndevu anayejua kila kitu tangu mwanzo lakini anakaa kimya kurasa mia tatu, watu wanakufa, yeye anavuta kiko. Wengine wanavuka nyota kwa chombo cha moto, miaka elfu mbele yetu, na wakitua huko wanakuta nini? Mfalme. Ana binti. Na katika falme zote hizo, duniani na mbinguni, hakuna anayelima. Mkate unatoka mfukoni.

Hilo ndilo lililonifurahisha wakati ule, maana nilisoma ili nisichimbe. Kwetu Umatengoni mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa miraba. Mwanamke ndiye huchimba: anatoa udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, linabaki shimo, na mvua inanaswa humo badala ya kukimbia na shamba. Hiyo ndiyo ngoro. Mlima mzima unatobolewa hivyo na migongo ya wanawake, na mimi sikutaka mgongo wangu uwemo.

Riwaya yangu niliijaza vitu vya ile katoni, nikavivisha nguo za kwetu. Msimu wa kahawa uliopita nilimsomea mama kwenye kichanja, yeye akichambua punje mbovu. Nilitaka ashangae.

Nikamsomea mchawi anayeruka kwa ungo usiku mmoja kutoka Litumbandyosi hadi ng'ambo ya ziwa.

"Enhe," akasema, akatupa punje.

Nikamsomea nyoka wa vichwa saba anayeinuka ziwani.

"Huyo watu wa Liuli, kule ziwani, walishamwona. Ila kichwa kimoja. Saba umeongeza wewe."

Nilianza kununa. Nikafika mahali ambapo shujaa wangu, ili kuonyesha kwamba anastahili kutawala, anachimba ngoro mlima mzima peke yake. Nilikuwa nimeiandika nusu ukurasa, bila kufikiri, ili nipate kumrudisha kwenye nyoka.

Mkono wa mama ukasimama juu ya kahawa.

"Nyasi alilaza nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Na kuchimba?"

"Yeye mwenyewe, mama. Ndiyo ushujaa wake."

"Mke?"

"Hana."

"Dada? Shangazi? Hata jirani wa kumwonea huruma?"

"Mama, ni hadithi."

"Najua ni hadithi, sijawa mjinga. Mwanamume analaza, anageuka, anachimba mwenyewe, mlima mzima, na hakuna mwanamke anayetoka kumwambia acha?" Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Huyo si shujaa, mwanangu. Huyo karogwa. Na huo mlima una jambo."

Nilimdharau. Nilijiambia kwamba huyu mama amemeza nyoka wa vichwa saba bila maji, kisha amekabwa na jembe. Ilinichukua wiki kutambua kwamba katika kitabu kizima ni pale tu alipoogopa. Yale yote niliyoyaita ajabu yalikuwa majirani zake. Ajabu ilikuwa imenitoka kwa bahati mbaya, tena kwa uvivu wa binti asiyejua shamba la mama yake.

Nikaandika upya. Ile nusu ukurasa ikawa kurasa sitini, ndiyo laana yenyewe ya nchi: mtu analaza na kuchimba peke yake, na kila asubuhi mashimo yamejifukia. Nyoka nikampunguza vichwa, na mhariri, aliyekuwa amesoma mswada wa kwanza, nikamtumia huu.

Mhariri alifika saa nne, kiatu chake cha kushoto kimejaa tope, akilalamika kuhusu barabara tangu Kitai. Alikaa, akanywa chai, akaweka mkataba mezani na mswada juu yake. Kurasa zangu sitini alikuwa amezibana kwa kibanio chekundu.

"Hizi tunaziondoa," alisema. "Dada, hii ni fantasia, si bwana shamba. Aina hii ya vitabu ina kanuni zake. Mrudishe nyoka wa vichwa saba. Weka mnara. Weka theluji kidogo huko juu, mbona kwenu kuna baridi? Toa hizo, tia saini hapa, mwakani uko dukani."

Nilishika kalamu. Sitasema kwamba sikuishika.

Mama, aliyekuwa amesikia yote akiwa uani, aliingia kwa mlango wa nyuma, miguu myekundu hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Ni wewe unayetaka kumtoa yule aliyechimba peke yake?"

Mhariri alinitazama, akacheka. "Ndiyo, mama. Kile ni kilimo."

"Huko kwenu ngoro anachimba nani?"

"Kwetu hakuna ngoro, mama."

"Ahaa. Ndiyo maana hukuogopa." Akachukua maji ya kunywa, hakukaa.

Nilirudisha kalamu mezani. Nikafungua kile kibanio, nikazirudisha kurasa sitini mahali pake, nikamsukumia mswada mzima.

"Ulivyo hivi," nikasema, "au basi."

"Dada, unajua kuna watu wangapi nyuma yako wanaililia nafasi hii?"

"Wape theluji."

Alikunja mkataba mara mbili, mswada akauacha. Kwa mama aliaga vizuri. Kwangu alitikisa kichwa kama daktari. Nilikaa, miaka minne mezani, nikijichukia na kumchukia yeye kwa zamu. Nje mhariri alikuwa akikwangua tope la kiatu kwenye ngazi yetu, taratibu, kama anayenipa muda wa kuita.

"Ukungu unaingia," mama akasema, akaenda akausukuma mlango, akatia komeo.