Kristiana na Gurudumu la Matuta

Ukitaka kunichokoza, niulize ni nani aliyenifundisha kulima. Wajukuu zangu wanalijua hilo, ndiyo maana huniuliza kila wageni wakija, kisha hukaa kimya wakisubiri niwake. Basi leo nasema mwenyewe, tena kwa raha zangu: alinifundisha Kristiana, mke wa Kornel, mwanamke wa Kifipa, mfupi, mwenye pengo mbele, asiyejua kusoma. Alinifundisha kwa kunishinda katika mchezo ambao yeye mwenyewe aliliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona sijaeleweka, tulia, nami siku ile sikuelewa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Mimi Lutengano, kijana wa Tukuyu, miaka ishirini na sita, suruali ya bugaluu na kichana mfuko wa nyuma, nilikuwa katibu wa kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kasense, katika nchi ya Wafipa. Agizo lilikuwa kila mtumishi awe na shamba lake. Haya, shamba nikapewa. Lakini kulima kwa Wafipa si kule tunakokujua sisi tuliokulia migombani. Mvua zikikaribia kuisha, wao hukata nyasi pamoja na udongo wake, wakazikusanya kwa duara na kuzifunika, mpaka linatokea tuta linalofika magotini. Nyasi zinaozea humo ndani, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unalibomoa tuta na kumwaga ulezi. Shamba zima ni matuta ya duara, mamia kwa mamia. Nilijaribu kutengeneza moja, watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Ndipo nikabuni gurudumu. Nilikuwa na gurudumu la mbele la baiskeli iliyokwisha kufa. Nikalitundika kwenye nguzo ya ghala la kijiji, nikafunga kwenye spoku vipande kumi na vitatu vya kadi: sita vyeupe kwa chokaa, sita vyeusi kwa masizi, na kimoja chekundu, hicho changu. Nikapigilia ulimi wa kiatu kwenye nguzo ili uwe unagonga kadi gurudumu likizunguka, tak tak tak, mpaka lisimame. Mchezaji anataja rangi na idadi ya matuta. Rangi yake ikitoka, namlimia. Isipotoka, ananilimia. Nyekundu ikitoka, kila aliyeweka dau ananilimia. Hela haikuwepo kabisa, maana kamari ya hela ingenipeleka pabaya. Hii niliiita burudani ya kilimo.

Ili watu wasiogope, nikatangaza sheria mbili. Mchezaji anaacha saa yoyote anayotaka, na mwenye gurudumu hana ruhusa kukataa dau. Hiyo ya pili nilijisifia sana. Wakawa wanakuja kila Jumapili baada ya misa, wanaume kwa wanawake, na mimi sikuwahi kushika jembe. Mtu akinila, namhamishia mwingine ninayemdai, wanamalizana wao kwa wao. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa na shamba zuri kuliko la mtumishi yeyote tarafa nzima, nami nilikuwa nikilitembelea mikono mfukoni.

Sasa Kristiana. Mume wake Kornel alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, akavunjika mguu, akawa wa kulala tu. Ulezi ambao kawaida wangepikia pombe ili kuita watu wa kuwalimia ulikuwa umekwisha kuuzwa kwa safari za hospitali, Sumbawanga. Na kamati ya kijiji ilikuwa imepitisha kwamba shamba lisilotimiza matuta yake ifikapo mwisho wa Aprili litapewa kaya nyingine. Azimio hilo nililisoma mimi mwenyewe mkutanoni, kwa sauti ya redio. Kristiana alipungukiwa matuta mia tatu. Shamba lile aliachiwa na mama yake, na zaidi ya hilo hakuwa na kitu.

Jumapili ya kwanza aliweka tuta moja. Hakutaja rangi, akasubiri mtu apige chafya. Mzee mmoja akapiga mbili, Kristiana akasema mbili ni nyeupe. Ikatoka nyeusi. Akacheka mpaka pengo lote likaonekana, akasema chafya ile ilikuwa ya ugoro, haihesabiki.

Jumapili ya pili akaja na mbinu ya Ignasi. Huyu Ignasi alikuwa muuza samaki wakavu kutoka Wampembe, mwenye mkosi ambao sijauona tena maishani: rangi akiitaja tu, inakimbia. Kristiana akawa anamsubiri ataje, naye anataja ile nyingine. Akala mara tatu mfululizo. Watu wakaanza kumwangalia kwa heshima. Ignasi akanuna.

"Mama, unakula kwa mgongo wangu. Nigawie."

Akamgawia tuta moja, kwa roho safi. Tangu dakika ile Ignasi akaanza kushinda, akashinda mpaka akaogopa, na Kristiana akaliwa yote aliyokuwa nayo na zaidi. Watu walicheka jioni ile mpaka wengine wakasahau ng'ombe malishoni. Jumapili ya tatu akacheza akiwa ameligeuzia gurudumu mgongo, akidai lina aibu, ukilitazama haliji. Nalo halikuja. Nikamwambia kwa utani, "Mama, kwa mwendo huu utakuwa mkulima wangu wa kudumu." Akaniambia, "Subiri, Katibu. Bado nakupima."

Nilidhani amekosea kusema. Nilidhani alitaka kusema anapima bahati yake.

Jumapili ya nne mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Nikafika ghalani nikamkuta Mzee Eustaki, mwenyekiti wa kijiji, amekaa kwenye kigoda mbele kabisa. Kwa kawaida Jumapili alikwenda kwa binti yake, nami nilikuwa nikishukuru.

"Shikamoo, mzee. Leo hukusafiri?"

"Marahaba. Kristiana ameniambia nisikose."

Kristiana akajitokeza katikati ya watu. "Nyeusi," akasema. "Matuta mia tatu."

Dau kubwa kuliko yote tangu tuanze lilikuwa kumi. Mtu akaguna. Mimi nikazungusha kwa furaha, sifichi. Tak, tak, tak. Nyeupe.

"Umeliwa, mama," nikasema kwa ule upole wa mtu aliyeshiba.

"Nyeusi. Mia sita."

Nyeupe tena. Watu wakaanza kusogea karibu.

"Nyeusi. Elfu moja na mia mbili."

Nyekundu. Yangu mwenyewe. Pakatokea kelele, kuna aliyemshika Kristiana mkono amtoe, akajinasua. "Niache," akasema. "Nazidisha maradufu mpaka itoke. Ikitoka mara moja tu, yote niliyoliwa yamefutika na mia tatu zangu zimebaki. Mwenye hela angekwisha kukwama, mfuko ungekwisha. Matuta hayaishi mfukoni. Nyeusi, elfu mbili na mia nne."

Nyeupe.

Jumla nikawa namdai elfu nne na mia tano. Jamani, kichwa kilinizunguka kuliko gurudumu. Nilijiona na mashamba mpaka bondeni, nilijiona nanunua redio ya pili, sijui ya nini. Kristiana angenilimia mpaka bugaluu ipite na irudi tena. Watu walikuwa wanaruka, wanashikana mabega, wanahesabu kwa vidole vya wenzao. Kwenye shangwe hiyo Mzee Eustaki akakohoa.

"Katibu," akasema taratibu, "nisaidie mimi nisiyesoma sana. Mtu akilimiwa matuta elfu nne na mia tano na mwanamke mwenye mume mgonjwa, na yeye mwenyewe mikono iko mfukoni, kwenye ile semina ya ujamaa uliyotufundisha ulisema anaitwaje?"

"Kupe," akajibu mmoja nyuma.

"Mnyonyaji," akasema mwingine.

"Bepari uchwara," akasema Ignasi, ambaye hata semina hakuhudhuria.

Walinitajia majina yote niliyowafundisha, hawakusahau hata moja. Nikatoa mikono mfukoni. Watumishi walikuwa wanafukuzwa kazi kwa mambo madogo kuliko hayo, nami nilijua.

"Mama Kristiana, tuishie hapa. Nimekusamehe yote."

"Nani kaomba kusamehewa? Mimi nalipa madeni yangu. Nyeusi, elfu nne na mia nane."

"Sichezi tena."

"Sheria," wakaitikia watu wote kwa pamoja. "Mwenye gurudumu hana ruhusa kukataa dau."

Nikazungusha. Tangu nizaliwe sijawahi kuomba dua kama ile, tena kwa Kinyakyusa, ili Mungu asikie vizuri: Bwana, huyu mama ashinde. Gurudumu likazunguka, likapunguza mwendo, likaja taratibu kwenye nyeusi. Nikataka kulisaidia kidogo lisimame hapo, nikalisukuma kwa goti bila watu kuona. Nikalisukuma sana. Likapita, likaingia nyeupe.

Kila mtu aliona goti. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kijijini pale mwenye kamari kuiba ili aliwe, na bado akashindwa. Watu walianguka. Nasema walianguka, wengine chini kabisa, na Ignasi alikalia kapu lake la samaki. Mzee Eustaki alijifuta machozi kwa kofia.

Kristiana hakuanguka. Akasubiri watulie. "Sasa deni ni elfu tisa na mia tatu," akasema. "Kesho alfajiri naanza. Nitaanzia pale barabarani, Katibu, maana Jumatano wageni wa wilaya wanapita kwenda Kasanga. Wakiniuliza namlimia nani, nitawaambia jina lako vizuri, na cheo chako. Au, kama unataka, nyeusi tena. Elfu tisa na mia sita."

Nikakaa chini, na bugaluu yangu, kwenye vumbi la chokaa.

"Mama, unataka nini?"

"Mia tatu zangu. Kwa mikono yako mwenyewe, si ya hawa unaowadai. Na hawa nao uwaachie."

Nikasema sawa. Nikasema nimeshindwa. Mzee Eustaki akauliza, kwa nia njema kabisa, ni nani hasa aliyeliwa, maana yeye alikuwa ameona mwanamke akikosa mara tano. Hakuna aliyeweza kumweleza, na walijaribu wengi.

Nililima siku kumi na nane. Tuta langu la kwanza Kristiana alilitazama, akaliita kaburi la kuku, akaniambia bomoa. La pili bomoa. La tatu akaweka mguu juu, likashikilia, akasema haya, mengine mia mbili tisini na tisa. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine juu yake. Kornel alikuwa analazwa kwenye mkeka pembeni, mguu umefungwa vijiti, kazi yake kunihesabia, na kila nikifika kumi alikuwa anakosea kwa makusudi anarudi saba. Nilimchukia, nikampenda, nikawa namchukia tena kabla ya saa sita mchana. Kristiana alilima pembeni yangu, saa zile alizoweza kumwacha mgonjwa, na tuta lake moja na langu moja ungedhani hayakutoka kwenye nchi moja.

Kamati ilikuja siku ya mwisho ya Aprili. Wakazunguka shamba lote, wakahesabu. Mengine yalikuwa yamepinda, Mzee Eustaki akayazunguka mara mbili, lakini yalitimia. Akasema shamba ni la Kristiana na Kornel, hakuna wa kulisogelea. Kornel alilia waziwazi mbele ya wanaume wenzake, hakujali. Mimi nilijidai nafuta jasho.

Walipoondoka, Kristiana akanipakulia ugali na maharage, tukakaa mlangoni kwake. Furaha ilikuwa imenijaa, nikataka tucheke tena. Nikamuuliza, "Mama, na kama nisingeogopa? Kama ningesema haya, njoo unilimie?"

Nilitegemea anijibu kwa mzaha.

"Ningelima, mwanangu," akasema. "Sikuwa na njia nyingine. Ningekulimia wewe mpaka nizeeke, shamba la mama yangu lingekwenda, na Kornel sijui ningemlaza wapi. Siku ile nilijifunga kanga mbili, kwa kukaza, ili watu wasione ninavyotetemeka. Ulivyosema umeliwa mama, mara ya kwanza ile, nikazikaza tena."

Nikamwambia sikuona. Na kweli sikuona. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, na kila alipotetemeka mimi nilikuwa nahesabu matuta. Niliona aibu siku ile, na nikiikumbuka bado naona aibu, mzee mzima. Kristiana akanisogezea bakuli la maharage, akasema nile kabla hayajapoa.