Ng'ombe Waliomkimbia Adriko

Night Poni alipoingia zizini kule Ayivu, karibu na Arua, kwa mara ya kwanza kama mkamuaji mpya, kilichomchefua hakikuwa samadi. Samadi aliizoea tangu utotoni huko Lurujo, Koboko, ambako baba yake, mwanajeshi mstaafu, alifuga ng'ombe watano na kuwasemesha kwa adabu kama wakwe zake. Kilichomchefua ni kumwona Adriko, mkuu wa zizi, akikamua.

Adriko aliwafunga ng'ombe miguu ya nyuma kwa kamba hadi ngozi ikachubuka. Asiyetulia alichapwa mbavuni kwa kipande cha mpira wa maji. Akizidi kugoma, alipindwa mkia. Wawili tayari mikia yao ilikuwa imevunjika. Kwa hofu ng'ombe waliharisha palepale. Kinyesi kikirukia ndani ya ndoo, Adriko alikichota kwa vidole, akajipangusa kwenye suruali, akaendelea kukamua. Maziwa hayohayo yalichujwa kwa kitambaa, yakapelekwa Arua mjini wakanywe watoto wa watu.

"Hizi ng'ombe iko na kichwa ngumu," alimwambia Night. "Bila fimbo hakuna maziwa. Utazoea, dada."

Night alitoka nje akatema mate. Tangu siku hiyo hakugusa chai ya maziwa shambani pale.

Aliomba akabidhiwe ng'ombe mmoja tu, yule aliyesemwa kuwa mbaya kuliko wote: jike jeupe, mkia umevunjika, jina lake Sabuni. Adriko alicheka, akamwachia.

Siku tatu Night hakukigusa kiwele, alimwacha ndama anyonye. Alisimama ubavuni, mahali Sabuni alipoweza kumwona, akamkuna chini ya koo huku akimwimbia polepole kwa Kikakwa, lugha ya kwao. Vidole vilipita juu ya makovu ya mpira, moja baada ya jingine, na kila kovu lilimsisimua mwili kwa kinyaa. Siku ya nne alikiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akachuchumaa bila kumfunga. Sabuni alitetemeka ngozi nzima. Akainua mguu, akasita, akaushusha. Kisha maziwa yakashuka. Baada ya wiki mbili ndoo yake ilikuwa inajaa.

"Umempa dawa gani?" Adriko aliuliza.

"Hapana dawa, kaka. Mimi sijampiga tu."

Mwenye shamba, Mama Harriet, alifika Jumamosi moja na wageni wawili. Adriko akaona ndiyo nafasi yake. Alimpokonya Night ndoo, akaingia zizini akijisifu kwa sauti kubwa. Hata hajachuchumaa, Sabuni alitoa macho na kurudi kinyumenyume. Wenzake wakamfuata. Ng'ombe wote kumi na wanne walijibana kwenye ukuta wa nyuma, wakipandana, wakiharisha, hadi viatu vya mgeni mmoja vikachafuka. Kwa mazoea, Adriko alinyoosha mkono kuchukua mpira.

"Adriko! Weka chini!" Mama Harriet alifoka. "Wanakukimbia wewe?"

"Mama, hawa ni wajinga tu."

Night aliita kwa sauti yake ya kila siku. Sabuni akajitoa kwenye msongamano, akaja kusimama karibu naye, bado anahema. Mama Harriet akaiona ile mikia, akayaona makovu, akachungulia ndoo aliyokamulia Adriko asubuhi, samadi ikielea juu ya maziwa. Aliziba pua kwa kitambaa cha kichwa.

"Na haya ndiyo maziwa ninayowapelekea wajukuu wangu?"

Siku hiyohiyo Adriko alihamishiwa kwenye kukata majani, Night akapewa zizi. Watu walimsifu, lakini sifa hizo zilimkera. Wengi wao walipita pale miaka yote wakasikia mpira ukilia, wakaenda zao.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja Night akiwa na homa, mtamba mmoja aliyezaa kwa mara ya kwanza alipiga teke ndoo iliyojaa. Night alimzaba kofi la pua kabla hajafikiri. Mtamba yule alikimbilia ukuta wa nyuma, akaharisha. Night alikitazama kiganja chake, kikinuka maziwa na jasho, akahisi kichefuchefu kilekile cha siku ya kwanza. Safari hii hapakuwa na mwingine wa kumtemea mate ila yeye mwenyewe.

Ilimchukua siku kumi na moja za kusimama ubavuni akiimba. Siku ya kumi na mbili mtamba alisogea, akamlamba mkono. Night aliurudisha nyuma upesi. Bado aliuona mchafu.