Kujifunza Kuruka kwenye Theluji, Mke Wangu Akiwa Tanga

Mke wangu aliondoka Sydney mwezi wa pili kwenda Tanga kumuuguza mama yake. Alikuwa na tiketi ya kurudi baada ya wiki chache. Mama mkwe akapona vizuri, ila mipaka ya Australia ikafungwa kwa ajili ya korona. Sisi raia tuliruhusiwa kurudi, lakini ndege za kuturudisha hazikuwapo. Kila tiketi aliyoipata ilifutwa, akapangiwa nyingine, nayo ikafutwa. Nikabaki kwetu Bankstown, pembeni ya Sydney, na binti yetu wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akisoma kwa kompyuta chumbani kwake na kutoka wakati wa kula tu.

Mimi na binti yangu hatukuwa na mazoea ya kukaa wawili. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, tena kwa maneno machache kabisa. Nikigonga mlango wake nilisimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Jioni moja nilimuuliza kuna kitu gani duniani ambacho angependa tufanye, mimi na yeye. Akasema mama alimwahidi kumpeleka milimani likizo ya mwezi wa saba, akajifunze kuteleza kwa ubao wa theluji na kuruka nao.

Nikamuuliza kama hiyo ya kuruka ilikuwa ya lazima. Akasema bila kuruka huko ni kuteleza tu.

Theluji niliyoijua mimi ilikuwa ya kwenye kalenda. Lakini mtoto alikuwa ameomba kitu, na kwa miezi mitatu hakuwa ameomba chochote. Masharti ya korona yalikuwa yamelegezwa kidogo mjini kwetu, milima ikafunguliwa kwa watu wachache, ila madarasa ya wanaoanza yalikuwa yamesitishwa. Mwalimu tukampata kwenye kanisa letu. Alikuwa kijana wa Kirundi aliyekulia kambini Kigoma. Alipofika Australia aliajiriwa jikoni kwenye hoteli moja huko milimani, na kila alipopumzika kuosha vyungu alitoka kwenda kuteleza. Alikuja nyumbani na ubao wake wa zamani, akaulaza kwenye zulia la sebuleni.

Alitufundisha kwanza kusimama. Miguu imefungwa kwenye ubao, magoti yamekunjwa, mabega yamelegea, macho mbele. Kisha mruko wa kwanza, usiohitaji kilima: unahamishia uzito kwenye mguu wa nyuma, unainua wa mbele, mkia wa ubao unapinda kidogo, unajirusha nao, halafu unatua kwa miguu yote miwili pamoja. Binti yangu aliupata siku ileile. Mimi nilirusha mguu wa mbele, wa nyuma ukabaki kwenye zulia.

"Mguu wako wa nyuma inaogopa, papa," kijana akaniambia kwa upole. "Ukiangalia chini, utaenda chini."

Mke wangu alitutazama kwenye simu niliyoiegemeza kwenye jagi la maji. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha nikaona kwamba sasa alikuwa akiyafuta kwa sababu nyingine. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Tuliondoka Ijumaa, sisi watatu kwenye gari langu, saa nyingi barabarani kuelekea kusini. Nilikuwa nimepanga kukaa mgahawani na chai wakati wao wakiteleza, lakini kwa ajili ya korona mgahawa ulikuwa haukalishi watu. Kubaki kwenye gari nako kulikuwa sawa na kukaa kwenye friji. Nikakodi ubao na viatu, nikafungwa miguu na mtoto wangu mwenyewe, akiwa amepiga goti mbele yangu. Sikujua niweke wapi mikono.

Kitu ambacho zulia halikunifundisha ni kuinuka. Ukianguka na miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao, huna cha kukanyagia. Nilijisukuma kwa mikono, ikazama. Nikageuka kifudifudi, nikapiga magoti, ubao ukaniponyoka na kunivuta chini mita kadhaa. Watoto wadogo walinipita wakiniomba radhi. Asubuhi nzima nilishinda nimekaa, na baridi ikanipenya hadi kwenye mifupa ya nyonga.

Siku ya pili kijana alitupeleka kwenye kituta kidogo cha theluji kilichochongwa kwa ajili ya wanaoanza, kimo chake hakizidi goti. Alieleza taratibu. Njoo moja kwa moja, ubao ukiwa bapa, usipige breki njiani. Ukifika ukingoni inuka, nyoosha magoti, kituta chenyewe kitakurusha. Hewani yakunje tena. Usiegemee nyuma. Wengi huegemea nyuma kwa woga, na hapo ndipo wanapoumia.

Binti yangu alikwenda. Akapaa, labda kimo cha ndoo, akatua, akayumba, akasimama. Alipopanda tena kuja kwangu uso ulikuwa unamwaka, akanishika mkono wa koti na kunieleza kwa kasi jinsi tumbo linavyobaki juu mwili ukishuka. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mama yake aondoke. Na mimi nikajaribu. Nilipiga breki katikati ya njia, nikakipanda kituta polepole, nikakaa juu yake. Akacheka. Nikajaribu tena na tena, na mara moja tu ubao wangu uliachana na theluji kabla sijaanguka chali. Akapiga makofi kwa glavu.

Kisha akaenda mara nyingine, kwa mwendo mkubwa zaidi. Mimi nilikuwa juu, nimekwisha kujifunga miguu, nikisubiri zamu yangu. Nilimwona ukingoni mabega yakirudi nyuma. Nilimwona hewani, ubao ukiwa mbele yake. Alitua kwa mkono, na hakuinuka.

Kijana alikuwa chini ya kituta, akamfikia mara moja. Nilimwona akiinama, akisema naye, na sikusikia neno. Kisha akasimama na kupishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya kuita msaada. Nilivuta vifungo vya ubao, havikufunguka. Nikavua glavu, nikavuta tena. Kimoja kikafunguka, kingine kiliganda. Nikashuka kwa makalio, ubao ukining'inia mguu mmoja, nikiita jina lake. Nilipofika, wahudumu walikuwa wamekwisha kumlaza kwenye kijigari cha kuburuta. Alinitazama, akasema yuko sawa.

Kwenye zahanati ya pale milimani muuguzi alisimama mlangoni akaniuliza maswali ya wakati ule. Una homa? Kikohozi? Mafua? Makamasi yalikuwa yakinitiririka kwa baridi tangu asubuhi. Nikasema kweli, ninayo. Akasikitika, tena nilimwona akisikitika kwa dhati, akasema siwezi kuingia. Nilimwambia ni mwanangu, mama yake hayupo. Akasema nitapigiwa simu, na kunionyesha hema lililokuwa nje.

Kijana alikwenda kurudisha mbao. Nikasimama hemani nikitazama dirisha lenye pazia. Simu ilipolia nilidhani ni daktari, kumbe ni mke wangu. Binti yetu alikuwa amempigia kutoka kitandani.

"Wamemchoma sindano ya maumivu," akaniambia. "Wanadhani kifundo cha mkono kimevunjika. Uko wapi?"

"Niko nje. Wamenizuia mlangoni."

Nilisikia jogoo kwao akiwika.

"Basi tuko wawili tulio nje," akasema. "Usikate simu."

Sikukata. Alikuwa akimsikiliza mtoto kwa simu ya dada yake na mimi kwa yake, na kila mara alinipa habari za chumba kilichokuwa hatua chache kutoka nilipo: sasa wanampiga picha, sasa wanafunga plasta, sasa ameomba maji.

Tuliporudi nyumbani, kijana aliendesha, binti yangu akalala nyuma, mkono kifuani. Wiki sita nilimfunga nywele vibaya kila asubuhi, naye alivumilia. Kuruka hatukurudia mwaka ule.

Mke wangu alipata ndege mwaka uliofuata, na alipotua akapelekwa moja kwa moja kwenye hoteli ya karantini katikati ya jiji. Jumamosi tulipanda treni kwenda kumwona. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukahesabu ghorofa, tukashindwa kujua dirisha lake, tukapunga mikono kwa jengo zima. Ndipo alipopiga simu. Chumba chake, alisema, kilikuwa upande wa nyuma. Alikuwa anaona ukuta.

Binti yangu aliendelea kupunga.