Nililinda Shamba, Nikamwacha Nekesa

Nimekosa! Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa mkisema nilikuwa kijana. Nilijua ninachofanya, nikakifanya.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mke wangu alikuwa amefariki, akaniachia binti wa miaka minne, Nekesa. Nikapata shamba Lumakanda, kwenye skimu, mradi wa serikali wa kugawa ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Mtoto nikampeleka Navakholo kwa shemeji yangu, dada ya marehemu.

"Nikimaliza kupalilia, nakuja kumchukua," nikamwambia.

Uongo mtupu! Nilipalilia, nikavuna, nikapanda tena. Sikutoka. Sisi wa skimu tulikuwa na hofu moja: afisa akipita akute shamba halina mtu, ataandika kwamba umelitelekeza, apewe mwingine. Hata mazishi ya mjomba sikwenda. Kutwa nazunguka mpaka wa shamba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Moyo ulinisuta, sikatai. Nikipata mtu wa kwenda Navakholo, nampa gunia la mahindi, najiambia, basi, nimelea. Kama mtoto ana homa, kama ameanza shule, sikuuliza.

Mwaka wa tatu nikaitwa kortini Kakamega. Shemeji alitaka mtoto awe wake kisheria. Nilikwenda nimefura!

"Mimi sikumtupa! Mahindi nilikuwa natumanga!"

"Mahindi yalifikanga," shemeji akasema polepole. "Lakini mtoto alikuwa anaulizanga baba, si mahindi."

Hakimu akanitazama. "Hilo shamba lako, ungekaa miaka mitatu bila kulikanyaga, unatuma jembe tu, lingekuwa lako bado?"

Nilijibu upesi, maana sheria hiyo niliijua vizuri. "La, bwana hakimu. Ningekuwa nimelitelekeza."

"Na mtoto ni hivyo hivyo," akasema, akaanza kuandika.

Ole wangu! Mdomo wangu mwenyewe!

Nje nikamwita Nekesa. Akajificha nyuma ya gauni la shemeji. "Mama, huyu mzee anataka nini?"

Nikageuka, nikashika njia ya Lumakanda.

Nyinyi mlio mbali na watoto wenu, nendeni. Msitume mtu, msitume gunia. Nyanyukeni nyinyi wenyewe, leo!

Mimi shamba ninalo. Hati iko sandukuni, hakuna afisa anayenitisha tena. Lakini kila asubuhi bado nauzunguka ule mpaka, naulinda, na hakuna anayekuja.